Wanakusalimia

Kila asubuhi saa moja na nusu, kabla mashine ya kuranda haijawashwa, mafundi wa karakana walisimama mbele ya meza ya Mzee Randa, kila mtu na kikombe chake cha chai. Mzee Randa ndiye aliyekuwa mwenye karakana. Jina hilo alipachikwa na mafundi, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba halikutokana na mbao. Lilitokana na ulimi wake. Ukimpitia mtu asubuhi, hadi jioni anaokota maranda yake sakafuni.

Hapo ndipo kazi za siku zilipogawiwa: huyu milango, yule vitanda, na fulani arudie kabati alilolipindisha jana. Pembeni ya meza, mkoba begani na sare ya zahanati mwilini, alisimama Kitinda.

Kitinda hakuwa fundi. Aliandika kadi za wagonjwa kwenye zahanati ya mtaa wa pili, na zamu yake ilianza saa mbili. Lakini kaka yake alikuwa fundi wa milango humo kwa mwaka wa tisa, naye alikuwa hasikii tangu utotoni. Basi kila siku ya Mungu Kitinda alipitia karakana, akasikia kwa masikio yake, akasema kwa mikono yake, kisha akakimbilia kazini. Nyumbani aliitwa Kitinda kwa kuwa ndiye kitindamimba. Karakana walimwita Mdomo. "Mdomo umefika, tuanze!" Yeye ambaye akiongea na watu huangalia viatu vyake! Mafundi walicheka, naye alicheka nao, maana mwenye haya hucheka hata anapochomwa.

Jumanne hiyo Mzee Randa alimgeukia kama kawaida.

"Haya, Mdomo. Mwambie bubu wako milango sita ya shule naitaka keshokutwa. Na umwambie asijifanye profesa. Mlango mmoja anaupapasa kutwa nzima kama mtu anayetafuta siafu!"

Kicheko kikapasuka. Kitinda akatabasamu, akainua mikono, akamwambia kaka yake, "Mzee anakusalimia. Anaomba milango sita ya shule iwe tayari keshokutwa. Anasema kazi yako ni safi sana, ila ukiweza, ongeza mwendo kidogo."

Kaka akaitikia kwa kichwa, akashika kikombe chake. Siku zote mambo yaliishia hapo.

Siku hiyo kopo la bati lilianguka nyuma ya mafundi, likabingirika, vanishi ikatambaa sakafuni hadi kwenye ndara za watu. Mwenye kopo alikuwa mama wa makamo aliyeanza kazi ya kupaka rangi jana yake tu, ambaye tayari walikwisha kumwita Mama Vanishi. Hata hakuitazama hasara. Alijifuta mikono kwenye aproni, akaiinua juu ya vichwa vya mafundi, na kwa ishara kubwa, zilizonyooka, za watu wa zamani, akasema, "Hakusema hivyo."

Kaka akaganda na kikombe mdomoni.

"Kuna nini huko?" Mzee Randa akauliza. "Na huyu mama naye bubu?"

"Siyo bubu, mzee," Mama Vanishi akajibu kwa sauti yake nene. "Nimezaliwa na viziwi wawili, baba na mama. Lugha hii ya mikono niliijua kabla ya hii tunayosemezana."

"Basi jua na kufuta sakafu. Jamani, kazi!"

Mashine ikawashwa. Kitinda aliona midomo ya watu ikitikisika bila sauti kumfikia, akaona macho ya kaka yake yakitoka kwa yule mama yakija kwake, yakirudi kwa yule mama. Akashika mkoba wake na kuondoka bila kuaga.

*

Siku hiyo zahanati haikupata karani. Alikuwapo mtu aliyekalia kiti cha karani, basi. Alimwandikia mzee wa watu kwamba ni mjamzito, na muuguzi akamrudishia kadi akisema, "Kitinda, mwanamke wa miaka sabini na ndevu zake, tumpeleke chumba gani?" Wenzake wakacheka. Yeye akafuta, akaandika upya.

Hakuwa mwongo, au ndivyo alivyojiambia. Alifundishwa. Walipokuwa wadogo, kila alipomfuata kaka yake dukani, watoto wa mtaa walitoka wakaimba maneno yao, na watu wazima wakayasema ya kwao kwa sauti ya chini, ambayo kwa Kitinda haikuwa ya chini hata kidogo. Maskini wa Mungu. Yule wa kuonyesha vidole. Bubu. Kaka alimvuta mkono amuulize wanasema nini. Naye akiwa na miaka sita, akamkimbilia mama yake jikoni kuuliza ajibu nini. Marehemu mama yao akasema, "Mwambie wanakusalimia."

Akamwambia. Siku ya kwanza, na ya pili, na miaka ishirini iliyofuata. Kutoka hapo akajifunza mwenyewe kupaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa. Tusi akaligeuza ushauri, kejeli akaifanya utani, na ile huruma ya kumtia mtu kichefuchefu akaipa jina la upendo. Neno lenyewe, kiziwi, hakulitamka hata kwa mikono. Kwenye kadi ya kaka yake pale zahanati, penye mstari wa kuandika hali ya mwili, wengine aliwaandikia kwa mwandiko mzuri: haoni, hasikii, anatembelea magongo. Kwa kaka yake aliacha wazi. Alihisi kama akiliandika ndipo litakapokuwa kweli.

*

Jioni alimkuta kaka yake amefika kabla yake. Amekaa kwenye kigoda cha jikoni, vumbi la mbao bado nyusini, maji ya ugali yakichemka bila mtu wa kuyaangalia. Kitinda alipunguza moto. Alipogeuka, mikono ilikuwa inamngoja.

"Tangu lini?"

Akajaribu kuzunguka mbuyu. "Yule mama ni mgeni, hajui namna yetu ya..."

"Kitinda."

Jina lake katika lugha yao lilikuwa kidole kidogo kilichogusa moyo. Akakaa chini kwenye mkeka.

"Tangu utotoni," alisema. "Sikutaka usikie wanavyokuita."

Na hapo, jambo ambalo hakulitarajia kabisa, kaka yake akacheka. Kicheko chake kilikuwa na sauti ya kifuani, nzito, ambayo watu walioapa kuwa ni bubu hawakupata kamwe kuisikia kwa kuwa hawakumchekesha.

"Bubu?" aliuliza kwa midomo yake mwenyewe, bila sauti, akilitia chumvi. "Midomo inagongana mara mbili. Mtoto mchanga angelisoma neno hilo. Nilikuwa nalijua kabla hujaota meno."

"Ulijua?"

"Mtaa mzima unanisalimia, watoto wameokota mawe, wamekunja sura, halafu wewe unaniambia wanakusalimia! Mtaa gani una adabu hivyo?"

Kitinda alijikuta anacheka na machozi yanamtoka, yote kwa pamoja. Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Mbona hukusema?"

"Uliona raha kuniambia. Nikakuachia." Mikono ikatulia magotini. Ilipoinuka tena ilikuwa ya mtu mwingine. "Maneno yao nikiyakosa, nayasoma usoni mwao. Mama Vanishi amenikalisha mchana akaniuliza kitu kimoja ambacho sikuwahi kukifikiria. Akaniuliza, kama huyu dada yako anageuza yao, yako anayapeleka vipi?"

Ugali haukuwa umesongwa. Maji yalikuwa yanakauka. Kitinda aliyaangalia maji.

"Niangalie. Mzee Futi alipougua mwaka juzi, nilikwambia umwambie mzee nini?"

Mzee Futi alikuwa msimamizi wa karakana, aliyepima kila kitu hadi urefu wa mapumziko ya chai. Mgongo ulikuwa umemshinda, na Ijumaa hii ndiyo ingekuwa siku yake ya mwisho.

"Kwamba unaitaka nafasi yake," Kitinda akasema.

"Ukamwambia?"

Kichwa kikakataa chenyewe.

"Na mwezi uliopita, alipotangaza kwamba anaondoka?"

"Nilisema..." Vidole vilikuwa vizito kama vya mtu mwingine. "Nilisema kwamba unashukuru kwa kazi, na kwamba unamwombea heri."

Kaka alimtazama. Hakupiga kitu, hakuinuka. Alifumba macho tu. Mtu anayesikia akifumba macho, bado unaweza kumsemesha. Kiziwi akifumba macho amekufungia mlango na kuondoka na ufunguo. Kitinda alimgusa goti, akamgusa bega, akasema samahani hewani mara tatu mbele ya kope zilizofungwa. Mwishowe akainuka, akasonga ugali ambao hakuna aliyeula.

*

Jumatano kaka yake alimwashiria mlangoni kwamba asiingie. Mama Vanishi ndiye aliyesimama pembeni ya meza, mahali pake. Kitinda akabaki nje, kwenye rundo la mbao mbichi, hadi yule mama alipotoka kumwaga maji ya brashi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Najua unataka kunirarua."

"Hapana," Kitinda akaviambia viatu vyake.

"Hata kidogo? Mimi ningetaka." Akaketi karibu yake, akanukia tapentaini. "Kopo lilinitoka kwa mshtuko, si kwa ubaya. Nilijiona mimi. Unajua baba yangu alikuwa na mwenye nyumba? Kila mwezi yule bwana anakuja mlangoni anatukana, mimi nina miaka minane, namwambia baba: anasema wewe ni mpangaji mwema. Baba yangu naye ni mtu wa kurudisha wema. Akawa anampelekea mayai. Mayai, mwanangu! Miaka miwili anamlisha mayai mtu anayemtukana mama yake mzazi."

Kitinda alishindwa kujizuia, akacheka.

"Cheka tu. Mimi nilicheka nilipozeeka. Siku baba alipojua hakuwa na neno na yule bwana. Aliniambia mimi: umenifanya mjinga mbele yake, na ukanikosesha nafasi ya kumjibu." Akainuka, akatikisa brashi. "Anachotaka kaka yako hakipo kwa Mzee Randa peke yake. Kingine kipo kwako."

*

Siku mbili kope za kaka hazikumfungukia. Alhamisi jioni, Kitinda akianua nguo kwenye kamba nyuma ya nyumba, alisikia mguu ukikanyaga chini mara mbili. Ndivyo walivyoitana tangu utotoni. Akageuka na sare yake mikononi.

"Kesho mzee anachagua msimamizi," kaka alisema. "Nataka unisemee wewe."

"Mama Vanishi anajua zaidi."

"Anajua lugha. Hajui nikikasirika nakuwaje. Wewe unajua. Ila neno kwa neno. Nikimdharau, mdharau. Nikikosea, acha nikosee. Na akiniita alivyozoea kuniita, nataka kulipata kwenye mikono yako, siyo midomoni mwake tu."

"Nikishindwa?"

Akafikiri. "Nitajua. Safari hii kuna shahidi." Na kwa mara ya kwanza baada ya siku mbili uso wake ukalegea kidogo. "Na kwenye kadi yangu ya zahanati, andika. Mwaka jana niliketi benchi hadi saa nane. Daktari aliita namba yangu mara tano, kadi haikumwambia kwamba anamwita kiziwi. Ni neno langu hilo, Kitinda. Mtu akiniita hivyo haniibii kitu. Unaniibia ukilificha."

*

Ijumaa saa tisa mashine ilizimwa, na ule ukimya unaofuata mashine ukajaa karakana. Mafundi walikaa juu ya mbao. Mzee Futi alikalishwa kwenye kiti chenye mto. Kitinda alikuwa ameomba ruhusa zahanati. Alisimama mahali ambapo kaka yake angemwona yeye na mzee kwa pamoja.

"Sina maneno mengi," akasema Mzee Randa, na wote wakajiandaa kwa maneno mengi. Baada ya robo saa akafika alikokuwa anakwenda. "Nimefikiria kumpa fundi wa vitanda, Redio."

Redio, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hazimiki, akashangaa kuliko wote. "Mimi, mzee? Si nitawafukuza wateja kwa maneno?"

Kaka akainua mkono. Mzee Randa akakunja uso. "Mdomo, anataka nini huyu?"

Kitinda akaifuata mikono ya kaka yake. "Anasema: 'Naitaka mimi. Redio ni fundi mzuri wa vitanda, na mtu hawezi kulala kwenye kitanda chake bila kukisikia kikiongea.'"

Kicheko kikaanza, na Redio ndiye aliyecheka zaidi. Mzee Randa hakucheka. Alimtazama Kitinda kama mtu aliyeumwa na kuku wake mwenyewe.

"Mwambie bubu..." Akasita, macho yakaenda kwa Mama Vanishi. "Mwambie huyu, sijui siku hizi mnasemaje, mwenye mahitaji maalumu..."

Kitinda aliyapeleka yote mawili. Neno la kwanza lilipotoka kwenye vidole vyake alihisi amemtupia kaka yake jiwe. Kaka alilipokea bila kupepesa, akajibu.

"Anasema: 'Mahitaji gani maalumu? Nahitaji chai kama wewe. Mimi ni kiziwi. Bubu siyo, nina mengi ya kusema, na miaka tisa hujayasikia hata wewe mwenye masikio.'"

Sauti ya Kitinda ilikuwa ndogo, lakini hakuna aliyekosa neno.

"Vizuri," akasema Mzee Randa, na ulimi wake ukawa umepata mbao. "Kiziwi. Sasa kiziwi ataitaje mtu aliye upande wa pili wa mashine? Akitaka kumwambia fundi asimamishe kazi, atapiga mbinja?"

Mikono ya kaka ilikwenda haraka. Kitinda aliikimbiza kwa mdomo.

"Anasema: 'Saa mbili hadi saa tisa mashine inawaka. Muda wote huo nani humu anamsikia mwenzake? Wewe mwenyewe unaonyesha vidole. Mnaongea kwa mikono kutwa nzima, tena vibaya. Mimi peke yangu ndiye ninayeijua lugha ya humu ndani. Mkanda wa mashine ulipotaka kukatika mwaka jana, aliyeizima ni nani? Nyayo zangu zilisikia sakafu kabla ya masikio yenu. Na milango iliyorudishwa na hoteli, uliniharakisha nisiipapase, nami nikakutii. Hilo ndilo kosa langu.'"

"Hapo kwenye mashine ni kweli," Mzee Futi akasema taratibu kutoka kwenye mto wake. "Mimi nilikuwa nimesimama pembeni yake, sikusikia kitu."

Mzee Randa alijikuna kidevu. Kisha akakumbuka, na uso ukamnyooka kama wa mtu aliyeokota sarafu yake chini ya meza.

"Tuseme anaweza. Lakini usimamizi anapewa anayeutaka, siyo anayeamka Ijumaa moja akautamani. Huyu nimekaa naye miaka tisa. Mzee Futi alipougua, nilimwuliza kila fundi. Mwezi uliopita nikawauliza tena. Kila mmoja alijisifu weee, huyu alishukuru tu na kuniombea heri. Nikasema mwenyewe, huyu ni mtu asiye na makuu, abaki na milango yake. Mdomo ni shahidi. Ulinipa majibu hayo kwa kinywa chako, binti, au nasema uongo?"

Kitinda aliyapeleka maneno hayo hadi la mwisho. Kaka yake alipoyapata, mikono yake iliinuka nusu, ikasimama hewani, kisha ikashuka magotini. Alikuwa na jibu, na Kitinda alilijua. Sentensi moja tu ingetosha. Lakini kaka yake hakutaka kumvua dada yake nguo mbele ya watu, na ndiyo maana alikuwa amekaa kimya, naye akiendelea kukaa hivyo, Redio angekuwa msimamizi na jambo lingekwisha vizuri, kila mtu na heshima yake.

Mama Vanishi aliinamia kopo lake. Hakuangusha kitu safari hii.

Kitinda alivitazama viatu vyake. Halafu akaviacha. Aliinua uso, akaweka mkoba sakafuni ili mikono iwe huru. Kila sentensi aliisema mara mbili, kwanza kwa kaka yake, kisha kwa wengine.

"Husemi uongo, mzee. Niliyesema uongo ni mimi. Hakukushukuru. Mwaka juzi alisema anaitaka kazi ya Mzee Futi na anaiweza. Mwezi uliopita akasema hivyo hivyo, tena akaniambia nitamke kwa nguvu. Mimi ndiye niliyesema anashukuru."

Mafundi wote wakageuka kumtazama kaka yake.

"Niliogopa mtamcheka," akaendelea. "Nimejiambia siku zote kwamba namkinga. Lakini mkicheka, yeye hasikii. Ningesikia mimi. Nilikuwa nakinga masikio yangu mwenyewe. Nilikuwa nakuonea aibu, kaka. Siyo wao. Mimi."

Hilo la mwisho hakulisema kwa sauti mara moja. Alilisema kwa mikono, akaona limemfikia, akaona hakufumba macho. Ndipo akamgeukia mwenye karakana, akalitoa lote kwa mdomo, na kuongeza:

"Kaka yangu ni kiziwi, na anaitaka kazi hii."